Asili ya selimundu yafuatiliwa hadi kwa mtu mmoja wa kale

WATU wanaougua selimundu, kutoka Busia na Kilifi hadi Afrika Magharibi na Ghuba ya Uarabuni, huenda wamerithi hitilafu iliyozuka katika mwili wa mtu mmoja tu, yapata miaka 7,300 iliyopita.

Hayo yalichapishwa mwaka wa 2018 na watafiti Daniel Shriner na Charles Rotimi wa Marekani, waliochunguza jeni za watu karibu 3,000, wakiwemo Waluhya wa Webuye.

Awali, wataalamu wengi walishikilia kuwa hitilafu hiyo ilijitokeza mara tano: mara nne barani Afrika, na mara moja Uarabuni au India. Wawili hao walibaini kwamba tofauti zilizodhaniwa kuthibitisha vyanzo vingi zilitokana na kuchanganyika kwa jeni, kizazi baada ya kizazi.

Enzi hizo Sahara haikuwa jangwa bali mbuga yenye mvua na maziwa. Baadaye Wabantu, katika uhamaji wao, waliieneza hitilafu hiyo mashariki na kusini mwa bara. Biashara ya utumwa nayo ikaivusha Atlantiki.

Hitilafu yenyewe ni ndogo mno: herufi moja tu katika jeni inayoongoza uundaji wa hemoglobini. Kwa anayeirithi kutoka kwa baba na pia mama, chembechembe nyekundu za damu hujipinda mithili ya mundu na kuziba mishipa, hali inayosababisha maumivu makali. Ndiposa tabia ya kumlaumu mama peke yake, ambayo imevunja ndoa nyingi, haina msingi wowote.

Anayeirithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida huwa mzima, tena hukingwa dhidi ya malaria kali.

Siri hii ilifumbuliwa Afrika Mashariki. Mnamo 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wabebaji walizidi asilimia 20. Katika nyanda za juu hawakufika asilimia moja. Kabila halikueleza tofauti hiyo. Mbu aliieleza.

Allison alitoa ushahidi wake mwaka wa 1954, na utafiti uliofanywa Kilifi miaka mingi baadaye ukauthibitisha: watoto wabebaji hulazwa hospitalini kwa malaria kali mara chache mno wakilinganishwa na wenzao.