Ibn Hajar na Tauni ya Misri

Vijana hutuuliza: ikiwa Mwenyezi Mungu (s.w.) ni Mwingi wa rehema, mbona watoto wasio na dhambi hufa kwa maradhi? Suali hili lilimfika Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani (Allah amrehemu), mwenye Fat-hul Bari, nyumbani kwake Cairo. Tauni ya mwaka 819 H (1416) iliwachukua binti zake wawili, Fatima na Aliya; ya mwaka 833 H (1430) ikamchukua Zayn Khatun, naye ni mja mzito.

Mwaka huo huo akakamilisha Badhlul Maun, kitabu chake juu ya tauni. Humo alishikamana na Hadithi kuwa tauni kwa Muumini ni rehema na shahada. Kwetu sisi, neno hilo kwa mzazi aliyezika watatu lina uzito kuliko hoja za wanafalsafa.

Wala hakuufanya msiba kuwa kitu cha kukimbiliwa. Anasimulia kuwa watu wa Cairo walitoka jangwani kwa pamoja kuomba dua. Kabla yake wakifa chini ya 40 kwa siku, baadaye wakapindukia 1,000. Kuomba balaa iondolewe hakukukataza. Alichokikataa ni mkusanyiko ule, ambao hakuuona katika Sunna.