Kwa nini taa za sola za barabarani huzimika mapema?

Dar es Salaam. Ukitembea usiku kwenye baadhi ya mitaa ya miji yetu utakuta nguzo zimesimama vizuri, paneli zipo juu, lakini chini ni giza totoro. Muuza chipsi ana taa yake ya kuchaji, bodaboda wanategemea taa za pikipiki, na nguzo ya barabarani imebaki kubandikiwa matangazo ya waganga.

Nguzo hizo zilifungwa kwa nia nzuri. Shida ni kwamba taa ya sola si taa tu, ni mtambo mdogo wa umeme unaojitegemea. Hesabu yake ikikosewa kwenye zabuni, hakuna fundi atakayeiokoa baadaye.

Na hata taa za umeme wa kawaida zina hesabu zake. Tuanze na hizo, maana ndiko fedha nyingi za manispaa zinakopotelea.

Bili ya giza la saa 12

Huku kwetu karibu na ikweta usiku una takriban saa 12 mwaka mzima. Taa ya barabarani inayowaka jioni hadi alfajiri hufanya kazi saa 4,380 kwa mwaka.

Chukua taa ya zamani ya sodiamu, ile ya mwanga wa rangi ya chungwa, yenye wati 250. Kwa mwaka inakula uniti 1,095. LED ya wati 100 inaweza kuchukua nafasi yake na kutumia uniti 438.

Kwa bei ya Sh292 kwa uniti kabla ya kodi, iliyopangwa na Ewura mwaka 2016 kwa kundi la T1 ambalo taa za barabarani zimo, ya kwanza inagharimu Sh319,740 kwa mwaka na ya pili Sh127,896. Manispaa yenye taa 1,000 za aina hiyo ingebakiwa na takriban Sh191.8 milioni kila mwaka. Hapo hata hatujahesabu umeme unaoliwa na balasti ya taa ya sodiamu.

LED inashinda kwa sababu mbili. Mwanga wake unaelekezwa chini barabarani, wakati balbu ya sodiamu inamwaga mwanga pande zote na sehemu yake inapotea ndani ya kifuniko. Pia inadumu: balbu nzuri ya sodiamu hufika saa 24,000, yaani miaka mitano na ushee, lakini LED nzuri huvuka saa 50,000, zaidi ya miaka 11.

Bili isipolipwa mambo hugeuka kuwa ugomvi. Februari 2025, Kenya Power ilikata umeme kwenye ofisi za Kaunti ya Jiji la Nairobi ikidai deni la zaidi ya Sh3 bilioni za Kenya. Kaunti nayo ikadai inaidai kampuni hiyo ada za nguzo na nyaya zinazopita kwenye ardhi yake, kisha malori ya taka yakamwaga mzigo nje ya Stima Plaza. Ndiyo, taka kweli.

Kwa maoni yangu, mtaa ambao tayari una nguzo na waya wa umeme unaoaminika hauhitaji sola. Unahitaji kubadilishiwa balbu. Lakini kubadilisha balbu hakuna uzinduzi wala kukata utepe, labda ndiyo maana hatukusikii sana.

Jinja, mji wa bwawa uliogeukia jua

Jinja nchini Uganda ipo pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilizinduliwa hapo mwaka 1954. Ungetegemea mji kama huo usiwe na shida ya taa.

Kumbe kuwa jirani wa bwawa hakukupunguzii bili. Umeme unaozalishwa mlangoni kwako unauziwa kama mtu mwingine yeyote, na kwa halmashauri ya mji mdogo taa za barabarani ni mzigo.

Jinja ilikuwa miongoni mwa manispaa 14 zilizoingia kwenye mpango wa miundombinu ya miji wa USMID, ulioanza mwaka 2013 kwa fedha za Benki ya Dunia. Barabara zilipojengwa upya, taa za sola zikaja nazo. Mwaka 2019 utafiti wa Coalition for Urban Transitions uliitumia Jinja pamoja na Kampala kuonyesha kwamba taa za sola zinaweza kuwa nafuu kufunga kuliko za gridi.

Sababu si ngumu. Kwenye sola huchimbi mtaro, hutandazi kebo ya chini ya ardhi na hununui transfoma. Hakuna pia waya mrefu wa shaba wa kuibiwa.

Ila kitu kimoja huwa hakisemwi kwenye hotuba. Bili haikufa. Imehamia kwenye betri.

Betri ndiyo taa yenyewe

Tuseme taa ni ya wati 40 na inawaka saa 12. Inahitaji wati-saa 480 kila usiku. Ikiwekewa programu ya kuwaka kwa nguvu yote saa tano za mwanzo, kisha nusu hadi asubuhi, mahitaji yanashuka hadi wati-saa 340. Watu wengi wapo barabarani mapema usiku, kwa hiyo si hasara kubwa.

Sasa weka masika. Siku tatu za mawingu mazito mfululizo si jambo la ajabu, na betri inatakiwa ibebe usiku wote mitatu: wati-saa 1,020.

Hapa ndipo aina ya betri inapoleta tofauti. Betri ya asidi, ikiwemo ya jeli, haipendi kumalizwa zaidi ya nusu, hivyo unahitaji yenye ukubwa wa wati-saa 2,040. Hizo ni karibu betri mbili za volti 12 na Ah 100. Betri ya lithiamu ya chuma fosfeti inaweza kutumika hadi asilimia 80, hivyo inatosha ya wati-saa 1,275.

Halafu kuna joto. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi joto 10 juu ya 25, maisha ya betri ya asidi yanapungua kwa nusu. Sanduku la chuma linalopigwa na jua la Dar es Salaam au Tanga huvuka nyuzi 35 bila shida. Betri iliyoandikwa miaka minne kwenye karatasi, mtaani inakuwa ya miaka miwili.

Lithiamu ya chuma fosfeti huhimili mizunguko 2,000 au zaidi ya kuchaji na kuisha. Mzunguko mmoja kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka mitano. Bei yake ni kubwa mwanzoni, na zabuni inayotazama bei ya chini tu itaikataa kila mara.

Paneli nayo? Kwa jua la nguvu la saa tano kwa siku na upotevu wa asilimia 30, taa yetu inahitaji karibu wati 100 ili tu isipungukiwe. Ukitaka ifidie na siku za mawingu, wati 150 ndiyo salama.

Kipimo cha macho

Umeziona zile taa za kipande kimoja, paneli, betri na balbu vyote kwenye kasha moja, zimeandikwa 300W? Zipo tele madukani na nyingine zimefungwa hata barabarani.

Huhitaji fundi kuzikagua. Paneli nzuri ya mita moja ya mraba hutoa wati 200 na kidogo jua likiwa kali. Kipande cha sentimita 30 kwa 40 kitatoa takriban wati 24. Kwa saa tano za jua hiyo ni wati-saa 120, na ukizigawa kwa saa 12 za usiku unapata wati 10. Wati 300 zinatoka wapi?

Kwa hiyo ukisoma tangazo la zabuni la halmashauri yako, usiangalie wati. Tafuta lumeni, ukubwa wa betri kwa wati-saa, na idadi ya usiku ambao taa itawaka bila jua. Visipokuwepo, anza kuuliza maswali.

Kivuli nacho huua taa taratibu. Paneli iliyofungwa chini ya mwembe, au iliyozibwa na ghorofa lililojengwa mwaka uliofuata, haichaji vya kutosha hata kama kila kifaa ni kipya. Vumbi vilevile, hasa barabara za vumbi wakati wa kiangazi.

Mwanga una faida, ukizidi una madhara

Jijini New York, watafiti waliweka minara ya taa kwenye makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Matokeo ya Marekani hayawezi kuhamishwa moja kwa moja hadi Mbagala, lakini mama lishe anayefunga saa 4 usiku badala ya saa 1 anajua tofauti yake bila utafiti.

Upande wa pili, mwanga mweupe wenye ubluu unaumiza macho na kuvuruga usingizi. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi kelvini 3,000, yaani mwanga wa njano kiasi. Ufukweni, vifaranga vya kasa hufuata taa za nchi kavu badala ya bahari. Bukoba na Masaka wanajua vizuri jinsi taa kali inavyoita wadudu, maana ndivyo senene wanavyotegwa.

Taa imezimika, nimpigie nani?

Kwa Tanzania inategemea barabara. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS. Barabara za mijini na vijijini, ikiwemo mitaa mingi ya manispaa, zipo chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kama hujui, ofisi ya mtendaji wa mtaa ndiyo pa kuanzia.

Usiseme tu "taa haiwaki". Taja nguzo ilipo na namba yake kama imeandikwa, kisha eleza inavyozimika. Sola inayowaka vizuri jioni na kukata saa 5 usiku ina betri iliyochoka au paneli isiyopata jua. Isiyowaka kabisa, mara nyingi ni kontrola ya chaji, waya, au betri imeibwa. Na taa ya umeme inayowaka mchana kweupe ina sensa ya mwanga iliyoharibika. Hiyo iripoti siku hiyohiyo, kwa sababu inakula uniti mara mbili.