Ufinyanzi: Hiari na Urithi

Ufinyanzi hujifunzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya urithi: binti huketi karibu na mama yake au bibi yake, huchimba udongo, huuponda, huufinyanga, na kabla hajajua kwamba anafundishwa amekwisha kuwa fundi. Njia ya pili ni ya hiari: mtu mwenye riziki yake kwingine huuendea udongo kwa mapenzi tu, kama mwingine aendavyo kuvua samaki siku ya mapumziko. Wa kwanza hufinyanga apate kula, na aghalabu hapati cha kutosha. Ndiyo maana Waswahili walisema kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Wa pili hufinyanga akiwa ameshiba. Katika karne ya 20 njia hizi mbili zilikutana, na yafaa kuchungua nani alijifunza kwa nani.

Bernard Leach, Mwingereza aliyezaliwa Hong Kong mwaka 1887, alifika Japani mwaka 1909 akikusudia kufundisha sanaa ya kuchapa picha kwa mabamba ya shaba. Mwaka 1911 alialikwa katika karamu mjini Tokyo, ambako wageni walipewa vyombo vya udongo wavipambe kwa brashi. Vyombo vilipakwa dawa ya kung'arisha, vikatiwa katika tanuri ndogo, na baada ya muda mfupi vikatolewa kwa koleo vikiwa vyekundu kwa moto. Ulikuwa mchezo wa siku moja, lakini Leach hakurudi kwake kama alivyotoka. Alitafuta mwalimu, akampata Urano Shigekichi, mzee aliyekuwa wa sita kushika jina la Kenzan, jina lenye sifa kubwa katika ufinyanzi wa nchi hiyo. Hivyo mtu aliyekuja kufundisha aliketi akafundishwa. Mwaka 1920 alirudi Uingereza pamoja na Hamada Shoji, wakaanzisha karakana katika mji wa St Ives.

Michael Cardew, aliyezaliwa mwaka 1901, aliingia kwa mlango uo huo wa hiari. Alipokuwa akisoma lugha za kale za Wayunani na Warumi katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitumia likizo zake kujifunza gurudumu kwa William Fishley Holland, mtu wa ukoo wa wafinyanzi wa Devon. Masomo yakapata hasara, udongo ukapata faida. Mwaka 1923 alijiunga na Leach. Mwaka 1942 alikwenda Achimota katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Na mwaka 1951, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Nigeria, alikuwa akianzisha chuo cha ufinyanzi Abuja, mji wa kale ambao sasa huitwa Suleja. Vijana wa kiume walifundishwa humo gurudumu, tanuri ya joto kali, na dawa igeukayo kioo motoni.

Lakini katika nchi hiyo ufinyanzi ulikuwa mikononi mwa wanawake tangu zamani. Katika nyumba ya Emir wa Abuja, Cardew aliona mitungi ya Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari aliyezaliwa yapata mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, akafunzwa kazi tangu utotoni na mwanamke wa ukoo wake. Yeye hakutumia gurudumu. Mtungi ulitulia mahali pake, naye akauzunguka, akiongeza udongo uliofinyangwa mfano wa kamba, kisha akichora mijusi, nge na mamba. Mwaka 1954 aliingia chuoni, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Alijifunza gurudumu na dawa. Lakini mikono yake ilikuwa na elimu ambayo mkuu wa chuo hakuwa nayo.

Kazi zake zilionyeshwa London. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunukia udaktari wa heshima. Na sura yake imechapwa katika noti ya naira 20. Heshima hiyo ilikuwa haki yake. Hata hivyo mabadiliko ya kazi yalikuwa na gharama. Mtungi uliochomwa kwa moto wa wazi una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya kidogo kidogo, hukauka nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Mtungi uleule ukipakwa dawa na kuchomwa kwa joto lipitalo nyuzi 1,200 hufungika kabisa: wang'aa, wadumu, wapendeza machoni, lakini haupozi maji. Chombo cha kiu kikawa chombo cha kutazamwa. Mnunuzi wa London hakupungukiwa na kitu. Lakini mtu asemaye kwamba chuo kiliuendeleza ufinyanzi wa wanawake hana budi kujiuliza: kiliuendeleza kwa manufaa ya nani?

Jibu moja lilitoka Afrika Mashariki. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa ya michoro, akavutwa na udongo. Mwaka 1974 alifika Abuja, akajifunza kwa Ladi Kwali na wanawake wenzake. Urithi alioushika ni ule wa kujenga chombo kwa mkono na kukisugua mpaka king'ae bila dawa ya kioo. Na kwa njia hiyo vyombo vyake vimeingia katika makumbusho makubwa ya dunia.

Hapana aibu, basi, katika kuuanza ufinyanzi kwa burudani. Wengi waliokuwa mabingwa walianza hivyo. Aibu ni kudhani kwamba elimu huanza siku mpenzi wake alipoigundua. Udongo uwahi uli maji, walisema wahenga. Sufuria na ndoo za plastiki zimewapunguzia wafinyanzi wa vijijini wanunuzi wao, na binti asiyeona faida katika kazi ya mama yake hairithi. Ajifunzaye kwa hiari ana uwezo wa kusaidia urithi huu usikatike: aende kwa wanawake hao mapema, awalipe ada kama alipavyo mwalimu yeyote, na atakaposifiwa awataje kwa majina.