Kukaa Uele, Kufika Uele

Katika yubile hii tunawakumbuka ndugu zetu wa Uele, kaskazini mwa inchi yetu. Mwaka 1898 Roma ilikabidhi eneo lile kwa mapadri Wapremontre wa Tongerlo. Mwaka 1911 upande wa mashariki ukapewa Wadominiko. Walifika kwa mitumbwi na kwa miguu, pamoja na wapagazi. Kisha ikajengwa reli ya Vicicongo, iliyofika Mungbere mwaka 1937, ikibeba pamba na wasafiri. Magari ya moshi yalipokoma, watu walisukuma baiskeli zenye mizigo siku nyingi msituni.

Lakini padri alizuru, kisha akarudi misioni. Katekista ndiye aliyebaki kijijini, akifundisha watoto na kuwasalisha watu siku ya Bwana. Waliokaa ndio waliotunza imani. Katika pande zile alizaliwa Anuarite Nengapeta, mtoto wa Wamba, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, wa kwanza katika Wakongo. Basi tusiiite Uele mwisho wa njia: kutoka kule baraka ilitufikia sisi.