Mlimani na deni la Oktoba 1966

Kila ifikapo Oktoba 25, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huongeza mwaka mwingine tangu wanafunzi 14 wa sheria walipoanza masomo mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, chini ya Chuo Kikuu cha London. Yaliyofuata yanajulikana: kuhamia Mlimani mwaka 1964, miaka kadhaa ya kuwa pamoja na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kisha kujitegemea Julai 1970. Kijana aliyemaliza kidato cha sita, akitafuta pa kuomba udahili, anaweza kuuliza kwa haki umri huo unamfaa nini, kwa kuwa shahada ya sheria au ya biashara sasa anaipata Dodoma, Mzumbe na kwingineko. Jibu limo katika ugomvi uliotokea chuo kikiwa na miaka mitano tu, juu ya deni la msomi kwa nchi inayomsomesha.

Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa wamevaa majoho. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi kama mitano kambini, na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wao waliona wanaonewa, maana wanasiasa walioyapitisha masharti hayo walikuwa wakila mishahara minono. Bango moja lilidai kwamba afadhali ilikuwa enzi ya ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400 na kuwarudisha makwao. Lakini hasira yake haikuishia kwa vijana. Alikubali kwamba hoja yao juu ya mishahara ya wakubwa ilikuwa ya kweli, akapunguza wake kwa asilimia 20 na kukata ya viongozi wengine pia. Adhabu ilikuwa kali kupita kiasi, na wengi wao walirejeshwa mwaka uliofuata. Hata hivyo, ni nadra katika historia yetu kuona madai ya wanafunzi yakigusa mfuko wa Rais siku ileile waliyoadhibiwa.

Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na Machi 1967 chuo chenyewe kikakaa kitako kujadili wajibu wake katika nchi ya ujamaa. Humo ndimo yalimoota masomo ya maendeleo, ambayo yaliwekwa kuwa lazima hata kwa mwanafunzi wa sayansi, ili daktari na mhandisi nao waulizwe wanamsomea nani. Hali hiyo ya hewa ndiyo iliyomfaa mhadhiri wa chuo hicho, Walter Rodney, kuandika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na ndiyo aliyoikuta Yoweri Museveni alipokuja kusoma kutoka Uganda.

Atakayepinga atasema ninapamba enzi ya mabavu, kwani jarida la wanafunzi, Cheche, lilipigwa marufuku mwaka 1970. Ni kweli, na haifai kufichwa. Ila jarida halifungwi pasipo watu kulisoma, na marufuku ile inathibitisha kwamba kilichoandikwa Mlimani kilikuwa na uzito nje ya geti. Mwingine atasema mwanafunzi wa leo anasoma kwa mkopo atakaokatwa mshaharani, kwa hiyo hana deni kwa yeyote isipokuwa Bodi ya Mikopo. Hoja hii ina nguvu zaidi, hasa kwa kijana ambaye bumu, yaani fedha za kujikimu, halimtoshi na ajira haionekani. Lakini mkopo haujengi maabara wala haulipi mshahara wa profesa. Hayo bado yanabebwa na kodi, na kodi hiyo inakatwa pia kwenye sukari ya mama asiyejua hata Mlimani ni wapi.

Inasikitisha, basi, kwamba vyuo vyetu vinapojinadi hutanguliza majengo. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China, ni fahari ya kweli. Lakini wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo, kabla wageni hawajazoea vimbweta vya kujisomea, chuo kingewakusanya Ukumbi wa Nkrumah na kuwapa masharti yale ya 1966 wayajadili upya: asilimia 40, miaka miwili, na mishahara ya viongozi wa leo ikiwa wazi mezani.