Tusi Lisilo na Mtukanwaji: Umri wa Mtazamaji katika Filamu za Wasifu Kuhusu Sindromu ya Tourette

Filamu ya I Swear, iliyoongozwa na Kirk Jones na kuanza kuonyeshwa Uingereza Oktoba 2025, ilipewa daraja la 15 na BBFC, bodi ya uainishaji wa filamu ya nchi hiyo. Katika kumbi za sinema za huko, daraja hilo halina mjadala: mtoto wa miaka 14 hakatiwi tiketi hata akiwa amefuatana na mama yake. Filamu inasimulia maisha ya John Davidson, Mskoti wa mji wa Galashiels, ambaye dalili zake za sindromu ya Tourette zilizidi alipoingia sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa kawaida mishtuko isiyo ya hiari ya hali hii huanza mtoto akiwa na miaka 5 hadi 7, hupamba moto kati ya miaka 10 na 12, kisha kwa wengi hupungua wanapoelekea utu uzima. Basi mtoto aliye katika kilele cha mateso hayo, pamoja na wanafunzi wanaokaa naye dawati moja na kumcheka, ndio hasa waliofungiwa mlango.

Ninachodai hapa ni kwamba kipimo cha lugha, kinachotumika kuamua kama filamu inafaa kutazamwa na familia, hakifai kwa filamu ya wasifu wa mtu mwenye Tourette. Kipimo hicho kinahesabu dalili za ugonjwa kana kwamba ni utovu wa adabu, na kinayaondoa macho ya mzazi pale anapopaswa kuangalia kwa makini.

Daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette, mwanafunzi wa daktari Charcot katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, aliandika mwaka 1885 kuhusu wagonjwa 9 waliokuwa na mishtuko ya mwili na sauti wasiyoweza kuizuia. Mpaka leo utambuzi unasimama hapo hapo: mishtuko kadhaa ya misuli, angalau mmoja wa sauti, iliyodumu zaidi ya mwaka na kuanza kabla ya umri wa miaka 18. Kupepesa macho, kutikisa kichwa, kukohoa, kubweka, kurudia neno la mwenzako. Matusi yasiyo ya hiari, ambayo madaktari huyaita koprolalia, huwapata wachache tu, kama 10 hadi 15 kati ya kila wagonjwa 100. Davidson ni mmoja wa hao wachache. Wagonjwa wenyewe hueleza kwamba mshtuko hutanguliwa na msukumo unaojikusanya mwilini mfano wa chafya: unaweza kuubana kwa muda, lakini utatoka. Na kadiri mahali palivyo pa heshima, ndivyo neno lisilofaa linavyoelekea kuchomoza. Filamu inaanzia Edinburgh mwaka 2019, Davidson akienda kutunukiwa nishani ya MBE na Malkia Elizabeth, na ndani ya kasri neno linalomtoka ni la kumtukana Malkia huyo huyo.

Je, Malkia ametukanwa? Kutukana ni tendo, na tendo hilo lina nguzo zake: mwenye kutukana, mwenye kutukanwa, na nia. Ndiyo maana mwendawazimu akimwaga matusi sokoni watu hupita zao, ilhali mtu mzima mwenye akili timamu akisema nusu ya maneno hayo hayo huitiwa wazee. Anachofanya Davidson kina sauti ya tusi na hakina nia wala mlengwa. Anayeona haya kuliko wote pale ukumbini ni yeye mwenyewe. Mtoto anayeitazama filamu hii kwa dakika 20 tu ameshaelewa jambo hilo, kwa sababu hadithi nzima imejengwa juu yake: kila neno linapotoka, kamera inamgeukia aliyelitoa na gharama atakayolipa. Sijui mahubiri gani dhidi ya lugha chafu yanaweza kumfundisha kijana uzito wa maneno vizuri kuliko hivyo.

BBFC wenyewe wamewahi kukubali hoja ya namna hii. Mwaka 2010 filamu ya The King's Speech, kuhusu kigugumizi cha Mfalme George VI, ilipewa kwanza daraja la 15 kwa sababu ya tukio ambamo mfalme anaporomosha matusi mfululizo kwa maelekezo ya mwalimu wake wa kuzungumza. Wasambazaji wakakata rufaa. Bodi ikaishusha hadi 12A, daraja linaloruhusu hata mtoto mdogo kuingia akiwa na mtu mzima, na ikaeleza wazi kwamba lugha kali imetumika katika muktadha wa tiba ya usemi. Marekani mambo yalikwenda kombo. Huko neno moja zito la Kiingereza likitamkwa zaidi ya mara moja, kwa kawaida filamu huangukia daraja la R. Wasambazaji wakaamua kutoa toleo lililofifishwa matusi ili wapate PG-13, daraja jepesi zaidi, jambo ambalo mwongozaji Tom Hooper na mwigizaji Colin Firth hawakulifurahia. Lakini tuwatendee haki Wamarekani: daraja lao la R humruhusu mtoto aliyefuatana na mzazi, kwa hiyo mwenye uamuzi wa mwisho ni mzazi. Daraja la 15 la Uingereza, linalosifiwa kwa ulegevu, halimuulizi mzazi kitu.

Mtu anaweza kujibu kwamba tukio la The King's Speech ni fupi, na matusi ya I Swear yametapakaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, mengine ya ngono waziwazi. Ni kweli. Kuna tukio la kuandaa chai, kwenye usaili wa kazi, ambalo siwezi kulinukuu katika jarida hili. Hata hivyo wingi unaongeza nguvu ya hoja badala ya kuipunguza. Ugonjwa unaorudia neno mara 100 kwa siku hauwezi kusimuliwa kwa neno 1.

Kinachonitia wasiwasi kama mzazi kiko kwingine. Kijana John, anayeigizwa na Scott Ellis Watson, anashindwa kuzuia chakula kisimtoke mdomoni wakati wa kula. Mama yake, aliyechoshwa na mambo asiyoyaelewa, anamketisha peke yake ameelekea mahali pa moto, mgongo kwa familia. Hapigwi, hatukanwi, sahani iko magotini, nyuma yake vijiko vinagonga, na mazungumzo yanaendelea bila yeye. Mtoto wa miaka 8 atalala na picha hiyo kuliko atakavyolala na neno lolote. Halafu kuna mkanda wa mwalimu mkuu, kipigo cha mtaani, na kijana anayeona maisha yake hayana pa kwenda. Mtazamaji mdogo anahitaji mtu wa kumshika mkono hapo, na hapo ndipo hesabu ya maneno machafu inapokaa kimya. Mwongozo wa mzazi ungekuwa na maana zaidi kama ungesema: mtoto wako ataona mama mwema akimwonea mwanawe kwa kutojua.

Kwa kawaida familia inayoogopa filamu kama hii huelekezwa kwenye nyingine, Front of the Class ya mwaka 2008, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya televisheni chini ya jina la Hallmark Hall of Fame. Inatokana na kitabu cha Brad Cohen, mwenye Tourette aliyetaka kuwa mwalimu, akakataliwa na shule 24 kabla ya moja ya jimbo la Georgia kumpokea. James Wolk anamwigiza akibweka na kutikisa shingo, matusi hakuna. Na kitabibu hilo si uongo, kwa kuwa wagonjwa wengi hawatukani. Tukio lake bora ni la utotoni. Baada ya mwalimu kumlazimisha Brad kuliomba radhi darasa kwa kelele zake, mwalimu mkuu anamwalika kwenye tamasha la muziki la shule, anampandisha jukwaani na kumuuliza maswali mbele ya wote: kelele hizo anazipenda? Anaweza kuzizuia? Shule imsaidieje? Dakika chache, na ukumbi mzima umebadilika. Wapenzi wa sinema ya Kihindi, ambao pwani yetu haijawahi kuwakosa, wanakijua kisa hicho kupitia Hichki ya mwaka 2018, ambamo Rani Mukerji anaigiza mwalimu wa kike mwenye hali hiyo hiyo.

Hizi ni filamu njema na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzitazama bila shida. Zina kasoro moja, nayo ni nzito: zinafundisha kuwa mgonjwa anastahili heshima kwa sababu ni hodari. Cohen ni mwalimu bora, Naina wa Hichki analigeuza darasa lililoshindikana. Vipi yule asiye hodari kwa lolote, ambaye pia anatukana? I Swear inathubutu kumpenda huyo. Dottie, muuguzi wa wagonjwa wa akili anayeigizwa na Maxine Peake, anamchukua John nyumbani kwake na kumwambia aache kuomba radhi. Hamdai mafanikio kwanza. Adabu ya aina hiyo ndiyo ambayo familia ingepaswa kutafuta katika filamu, na imo katika ile inayozuiwa.

Kuna pingamizi moja zito kuliko la matusi. Wakati wa janga la UVIKO-19, madaktari wa Ujerumani, Uingereza, Kanada na Marekani walipokea vijana, wengi wao wasichana, waliopata ghafla mienendo inayofanana na mishtuko ya Tourette. Wataalamu wa Hannover, Ujerumani, waliihusisha na chaneli maarufu ya YouTube ya Kijerumani, kwa sababu wagonjwa wapya walirudia maneno yale yale ya mtangazaji wake. Kuonyesha mishtuko kwa vijana, basi, si jambo lisilo na athari. Lakini video hizo ni fupi, hutazamwa tena na tena kwenye simu, kijana akiwa peke yake chumbani, na humfanya mwenye mishtuko awe mchekeshaji. Filamu ya saa mbili inayotazamwa na wazazi, ikimwonyesha mtu akipoteza shule, mpira na baba, haivutii kuigwa. Pingamizi hili linadai mzazi awepo. Halidai mtoto asiwepo.

Hukumu yangu ni kwamba I Swear inafaa kwa mtoto wa miaka 12 aliyeketi na mtu mzima, aliyeambiwa mapema kuhusu kipigo na kukata tamaa. Chini ya hapo, Front of the Class inatosha. Nchini Kenya, ambako madaraja yanaruka kutoka PG, yaani mwongozo wa mzazi, hadi 16, bodi ya filamu ya huko ingeweza kuipa PG yenye onyo kali bila kuvunja kanuni yoyote ya malezi. Uingereza njia ni fupi zaidi. Daraja la BBFC ni ushauri kwa serikali za mitaa, na zenyewe ndizo zenye kauli ya mwisho ndani ya mipaka yao. Mwaka 2002, filamu ya Ken Loach ya Sweet Sixteen, iliyopigwa Greenock na maeneo ya jirani, ilipewa daraja la 18 kwa sababu ya lugha ya vijana wa huko huko. Halmashauri ya Inverclyde ikaishusha hadi 15 katika eneo lake ili vijana hao waione. Halmashauri ya Scottish Borders, ambako Galashiels ipo, inayo mamlaka hayo hayo, iyatumie.