Bia ya Shambani: Kutoka Hainaut Hadi Kwa Bibi Yangu Ngozi

Mwezi wa Agosti mwaka jana baba mdogo alirudi Bujumbura kwa likizo akitokea Ubelgiji, anakofanya kazi. Katika mizigo yake mlikuwa na chupa moja nzito ya rangi ya kijani, yenye ujazo wa sentilita 75, iliyozibwa kwa kizibo cha koki na kufungwa waya kama mvinyo wa harusi. Alituambia kuwa ni bia. Hatukumwamini, kwa sababu bia tunayoijua sisi ina kifuniko cha bati. Akaeleza kuwa hii ni bia ya mashambani, ya aina iitwayo saison, neno la Kifaransa lenye maana ya msimu, na kwamba aliyeipika ameitia viungo na maganda ya machungwa.

Tulikuwa wanne mezani: baba mdogo, mimi, mwanafunzi mwenzangu wa Buyenzi, na bibi, aliyekuwa ameshuka kutoka Ngozi kuja kumwona mwanawe. Mwenzangu ni Mwislamu na hanywi pombe. Aliomba anuse tu. Bia ilipomiminwa ilikuwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, yenye ukungu kidogo, na povu jeupe zito lililokataa kushuka. Mwenzangu alinusa akasema papo hapo, "Hili si chungwa, ni danzi. Na hapa kuna giligilani, kama ya pilau." Baba mdogo alisoma karatasi ya chupa, akacheka: ni kweli, ganda la danzi na giligilani.

Mimi nilionja. Mwanzoni mapovu yalichoma ulimi. Kisha ikaja ladha ya ganda la danzi, ule uchungu wa mafuta yanayoruka unapolimenya, halafu uchachu mdogo, halafu kitu kama pilipili manga. Mwishoni kinywa kilibaki kikavu, bila utamu wowote. Nilidhani imetiwa pilipili manga, lakini baba mdogo alisema haimo: ladha ile hutoka kwenye hamira. Bibi alionja, akakaa kimya, akaonja tena. Kisha akasema, "Kumbe na kwao kuna impeke."

Impeke ni pombe yetu ya mtama. Insha hii imetokana na sentensi hiyo ya bibi. Nilikua nikisikia kwamba kuna vitu viwili: bia, ambayo ni ya kizungu, na pombe za kienyeji, ambazo ni za bibi zetu. Ninakusudia kuonyesha kuwa mgawanyo huo haukuwa kati ya Ulaya na Afrika. Ulikuwa kati ya shamba na kiwanda, na ulipita katikati ya Ubelgiji yenyewe kabla ya kufika kwetu.

Tuanze na shamba. Hainaut ni jimbo la Wabelgiji wanaosema Kifaransa, kusini-magharibi mwa nchi, mpakani na Ufaransa. Ni eneo la wakulima, na baadhi ya mashamba yake yalikuwa na chumba cha kupikia bia. Bia ilipikwa miezi ya baridi kwa sababu mbili. Kwanza, wakati wa joto pombe huharibika upesi. Pili, wakati wa baridi kazi za shambani hupungua na mikono hupatikana. Bia hiyo iliwekwa hadi kiangazi, wafanyakazi waliporudi mashambani wakiwa na kiu. Makapi ya nafaka yalibaki kuwa chakula cha ng'ombe. Katika kijiji cha Tourpes kipo kiwanda cha aina hiyo kilichoanza mwaka 1844 ndani ya shamba. Familia ya Dupont ilikinunua mwaka 1920, na hadi leo saison inapikwa pale.

Ni lazima nikiri kwamba hadithi ya vibarua wa msimu imepambwa. Neno saison lilitumika pia katika karne ya 19 mjini Liège, mashariki mwa nchi, kwa bia iliyopikwa na wapishi wa mjini. Kwa hiyo si kila saison ilitoka shambani. Hata hivyo jambo la msingi linabaki: ilikuwa bia ya majira, iliyopikwa kwa nafaka zilizokuwapo, shayiri na wakati mwingine ngano, na kila mpishi alikuwa na mkono wake.

Viungo navyo vina historia. Huko Bavaria, sheria ya mwaka 1516 iliamuru bia ipikwe kwa shayiri, maji na hopi tu, yaani yale maua machungu yanayoihifadhi bia isiharibike. Maeneo ambayo sasa ni Ubelgiji hayakuwa chini ya sheria hiyo, na wapishi wa huko waliendelea kutia walichotaka. Lakini giligilani na danzi si mimea iliyoota yenyewe katika mashamba ya Hainaut. Machungwa asili yake ni Asia. Ganda linalosifiwa zaidi na wapishi wa Ubelgiji lilipewa jina la Curaçao, kisiwa cha Karibi, ambako machungwa yaliyoletwa na Wahispania yalikutana na udongo mkavu yakageuka machungu, lakini maganda yake yakawa na harufu nzuri mno. Kisiwa hicho kilitekwa na Waholanzi mwaka 1634, na biashara yao ndiyo iliyolifikisha ganda hilo kaskazini mwa Ulaya. Kiungo kingine wanachokitumia, kile Wazungu walichokiita chembe za peponi, hutoka pwani ya Afrika Magharibi. Bia tunayoiita ya kijijini ilikuwa na bahari ndani yake kabla Ubelgiji haijawa nchi mwaka 1830.

Hii ndiyo sababu mwenzangu wa Buyenzi aliitambua kwa pua tu. Waswahili wa Bujumbura ni wajukuu wa watu waliofika na misafara ya biashara kutoka pwani kupitia Ujiji. Walikuja na mapishi yao, na giligilani ilikuwamo. Biashara mbili tofauti, moja ya Karibi na nyingine ya Bahari ya Hindi, zilikutana kwenye bilauri moja mezani kwetu.

Sasa swali lililonisumbua. Wabelgiji walitawala Kongo, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakapewa Ruanda-Urundi. Kwa nini hawakutuletea bia hii? Mwaka 1923 kilianzishwa kiwanda cha bia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mwaka 1926 kikatoa Primus. Mwaka 1955 kiwanda kilianza Usumbura, yaani Bujumbura, na mwaka 1957 ikaanzishwa kampuni ya bia Gisenyi, kandokando ya Ziwa Kivu. Bia waliyotuletea ni ile nyepesi, angavu, ya baridi, ambayo mama yake ni bia iliyopikwa Pilsen, katika nchi ya Wacheki, mwaka 1842. Kwa asili yake, bia hiyo si ya Kibelgiji.

Jibu langu ni kwamba bia ya Pilsen ilikuwa bia ya mashine. Hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi, na ilienea duniani baada ya mashine za kupoza kutengenezwa katika miaka ya 1870. Huhitaji mtaji mkubwa, jengo kubwa na wahandisi. Lakini ukishavipata, kila chupa inafanana na nyenzake, inasafiri, inahesabika na inatozwa kodi. Bia ya shambani haina sifa hizo. Hubadilika kwa msimu na kwa mpishi. Serikali ya kikoloni na kampuni zilizoshirikiana nayo zilitaka kitu cha kuhesabu, na bia ya Hainaut ingewapa shida ileile waliyoipata kwa impeke.

Wakati huohuo bia ya shambani ilikuwa inakufa kwao wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ubelgiji ilikuwa na zaidi ya viwanda 3,000 vya bia, vingi vikiwa vidogo sana. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Wajerumani walioikalia nchi walinyang'anya masufuria ya shaba ili kuyafanya silaha, na wapishi wengi hawakuinuka tena. Waliobaki walimezwa na viwanda vikubwa vya bia ya Pilsen. Katika mji mdogo wa Hoegaarden, uliosifika kwa bia nyeupe ya ngano yenye giligilani na ganda la danzi, kiwanda cha mwisho kilifungwa mwaka 1957. Niliposoma tarehe hiyo nilirudia mara mbili. Ni mwaka uleule wa kampuni ya Gisenyi. Wabelgiji walikuwa wanafungua kiwanda cha bia ya mashine kwetu huku wakizika bia ya bibi zao.

Tofauti ni kilichofuata. Pierre Celis, muuza maziwa wa Hoegaarden, alianza kuipika tena bia nyeupe katikati ya miaka ya 1960, kwa kukumbuka alichokiona ujanani. Mwaka 1977 Mwingereza mmoja, Michael Jackson (si yule mwimbaji), alichapisha kitabu kuhusu bia za ulimwengu. Akazipanga bia za Ubelgiji kwa aina na kuzipa heshima ya kuandikwa. Kilichokuwa kinywaji cha wazee kikawa kitu cha kutafutwa. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Na sisi? Katika ufalme wa Burundi sherehe kubwa ya mwaka ilikuwa umuganuro, sherehe ya mtama, ambapo mwami alifungua msimu wa kupanda. Ngoma zilipigwa, na pombe ya mtama ilikuwapo. Chini ya utawala wa Kibelgiji na shinikizo la wamisionari, sherehe hiyo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920. Rwanda, sherehe kama hiyo ilizuiwa mwaka 1925, na Gashamura, mkuu wa mambo yake ya ibada, akahamishiwa Burundi. Mwaka 2014, miaka miwili kabla ya bia ya Wabelgiji, UNESCO iliingiza ngoma yetu katika orodha ileile. Ninajivunia hilo. Lakini mtama, uliokuwa kiini cha sherehe ambamo ngoma hiyo ilivuma, haujapata mwandishi wake.

Najua pingamizi, na baadhi nimeyasikia darasani. La kwanza ni kwamba pombe imeharibu nyumba nyingi. Ni kweli, na mwenzangu aliyenusa bila kunywa ana haki yake kamili. Sidai watu wanywe zaidi, nadai tuandike. Mshahara wa bashingantahe, wazee waliosuluhisha kesi mlimani, ulikuwa mtungi wa pombe. Asiyejua pombe ile hawezi kueleza mahakama ile. La pili ni kwamba mila iliyofufuliwa si mila tena. Hapa pia kuna ukweli. Saison ya leo ina kilevi cha asilimia 6 au zaidi, na mfanyakazi ambaye angeinywa siku nzima juani asingevuna kitu. Bia ya zamani ilikuwa nyepesi kuliko hii. Tena mgema akisifiwa tembo hulitia maji: baada ya moto kuunguza kiwanda cha Celis mwaka 1985, alihitaji fedha, na hatimaye kikaangukia mikononi mwa kampuni kubwa. Kuandikwa hakulindi kila kitu. Lakini kisichoandikwa hakina hata cha kubishaniwa.

Mwezi wa Desemba nilipanda Ngozi na daftari. Bibi alinionyesha hatua zote. Mtama hulowekwa katika maji ya majivu, huoteshwa chini ya majani ya mgomba mpaka utoe kimea, huanikwa na kusagwa. Unga huo hupikwa kwa maji, na ukishapoa hutiwa kidogo cha pombe iliyotangulia ili uchachuke. Kila nilipouliza kipimo alinijibu kwa mwili: viganja viwili, mpaka kwenye kiwiko, mpaka harufu ibadilike. Niliyaandika yote hivyohivyo. Nilipouliza nani alimfundisha, alinitajia mama yake, na mama wa mama yake, kisha akasimama. Zaidi ya hapo hakuna jina analolijua.

Chupa ya kijani ya baba mdogo iko kwake sasa. Ameitia pombe ya kuanzishia mtungi ujao, na ameiziba kwa koki ileile.